Wafanyakazi wanaoleta ED za uongo: nilivyokosea mara mbili hapa Kigoma, na tunavyofanya sasa

MamaMise (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Niko Gungu, Kigoma mjini. Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya mche, tunapika kwa mawese na mafuta ya mise (kokwa za mchikichi), tuko watu 19 ukiwahesabu na walinzi wawili. Humu nimesoma nyuzi nyingi za waajiri wanaolia kwamba wafanyakazi wanaleta ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika, kila kukicha, na majibu ni yale yale: fukuza, kata mshahara, mkomeshe. Mimi nilifukuza. Na mshahara nilikata. Nataka niwaeleze yaliyonikuta, maana nilikosea kwa watu wawili, kila mmoja kwa namna yake, na wa pili nusura nimzike.

Nianze na mwongo.

Alikuwa mtu wa pipa. Kwa asiyejua, mtu wa pipa ndiye anayekoroga mafuta na kostiki, ile dawa kali inayounguza ngozi, juu ya moto. Asipokuja, siku hiyo hakuna sabuni, kwa sababu kostiki huwezi kumwachia kila mtu. Huyu kila mwezi alikuwa anaumwa. Siku tatu, siku nne, na karatasi anayo, ina muhuri. Malaria, tumbo, mgongo. Siku moja nikashusha kalenda ya ukutani nikazungushia siku zake zote kwa kalamu nyekundu. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Akaitazama ile kalenda kitambo, akaniambia, "Mwanangu, huyu anaumwa giza."

Watu wa ziwani mmeshaelewa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi mwezi usipokuwepo. Mbalamwezi ikiwaka vyombo vinapumzika na watu wanashona nyavu. Giza likirudi, mwaloni Kibirizi hapalaliki. Mtu wangu wakati wa mbalamwezi alikuwa mzima kabisa, giza likiingia homa inapanda. Baadaye nikaja kujua ana sehemu yake kwenye chombo.

ED yake ya mwisho ilisema malaria, apumzike siku 8. Malaria isiyo kali mtu anapewa mseto wa siku tatu, tena kwa huku kwetu hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Nikaisogeza ile karatasi dirishani. Ile 8 ilikuwa 3 iliyozibwa upande wa kushoto. Kulia wino wa bluu, sawa na maandishi mengine yote ya daktari. Kushoto wino mweusi. Na pale ncha za 3 zilipoishia, kalamu ya kwanza ilikuwa imeacha vidoti viwili ambavyo kalamu ya pili haikuweza kuvifunika.

Damu ikanichemka. Alivyoripoti tu, nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikainua karatasi juu waione, nikamwambia achukue kilicho chake aende. Hata dakika tano hazikuisha. Naye hakulala. Siku 30 za kulalamika hazijapita akawa ameshafungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanakoamuliwa migogoro ya kazi. Nilikwenda na karatasi yangu mkononi nikijua nimeshinda. Nikaulizwa: tuhuma ulimwandikia? Ulimpa muda wa kujiandaa? Kikao cha nidhamu kilikaa lini, na nani alikiongoza? Sikuwa na jibu hata moja. Ushahidi wa uongo wake ninao, utaratibu sina. Tukamalizana kwenye usuluhishi, nikalipa. Mwezi ule niliuza pikipiki ya kiwanda.

Sasa huyu wa pili ndiye anayenikosesha usingizi.

Baada ya kulipa, nikawa kila mgonjwa namwona mwongo. Kijana mmoja wa Buhigwe, mkataji, mkimya sana, akaanza kukosa Jumatatu. Halafu Jumatatu na Jumanne. ED haleti, anasema tu kifua kinabana na mwili hauna nguvu. Nikamwambia pale pale kwenye meza ya kukatia, watu wanasikia: "Wewe ni mgonjwa wa Jumatatu, wikendi unakunywa." Siku hiyo hiyo nikatangaza kwamba atakayekosa kazi, hata awe na ED, halipwi.

Hakukosa tena. Wiki tano mfululizo alikuja. Alikuwa akivuta waya wa kukatia sabuni kwa mkono mmoja, wa pili umeshika leso mdomoni. Siku alipoanguka, alianguka hatua mbili kutoka kwenye pipa linalochemka. Hospitali wakakuta kifua kikuu.

Hesabuni wenyewe. Wiki tano, chumba kimoja, watu 11, na madirisha tulikuwa tunayafunga kwa sababu ya vumbi la barabara. Tulipelekwa wote kupimwa na mwingine mmoja akakutwa nao. Mimi ndiye niliyewafungia humo, kwa tangazo langu.

Umeme unarudi na kukatika. Tunavyofanya sasa nitaandika kesho. Karibuni mchangie.

Mzee wa Mwanga Sokoni

Pole sana binti yangu. Ila usijilaumu kupita kiasi, waongo ndio waliokufikisha hapo. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, na nina kijana wa bodaboda namlipa kidogo. Mtu akisema anaumwa, kijana anapita kwake. Akimkuta amelala, sawa. Akimkuta kijiweni, ananipigia simu. Tangu nianze, wagonjwa wamepungua.

MamaMise

Ahsante baba, na naheshimu ukubwa wako. Lakini hapo tunatofautiana. Mtu aliyetoka kuchomwa sindano anaweza kupita sokoni kununua machungwa. Aliyevunjika mkono anaweza kukaa kwenye harusi ya mdogo wake na bado asiweze kuinua pipa. Kijana wako wa boda anaona mtu yuko wapi, hawezi kuona anaumwa nini. Na hao waliopungua, una hakika ni waongo waliopungua? Kwangu pia walipungua. Kijana wa Buhigwe alikuwa mmoja wao.

Ghala la Tumbaku

Niko Tabora, nimesimamia maghala ya tumbaku miaka mingi. Kwetu ugonjwa unakwenda na shamba. Vibarua na wa kudumu wote wana tumbaku yao Sikonge, Urambo, Kaliua. Jani likiiva linasubiri nani? Ni kuchuma, kufunga na kuingiza banini, kile chumba cha kukaushia kwa moto, na bani lenye moto halilali peke yake, usiku kucha mtu analichochea. Hapo ndipo ED zinapomiminika ofisini. Nilikuwa nawachukia mpaka siku nilipojiuliza: hivi huyu angekuja kuniambia "bosi, bani langu lina moto, nipe siku nne," ningempa? Nisingempa. Basi ukweli nimemfungia mlango, uongo nimemwachia wazi.

Tulichofanya ni posho ya mahudhurio. Asiyekosa hata siku moja kwa mwezi anaongezewa. Inasaidia sana, dada ijaribu.

MamaMise

Kaka yangu wa Tabora, hilo la mlango umenigusa, na kesho nitaonyesha sisi tuliufungua vipi. Ila posho ya kutokosa hata siku moja naiogopa. Mwenye homa ya kweli atakuja kuifuata ile pesa, atakohoa juu ya wenzake, au mkono utamtetemeka akiwa ameshika kostiki. Mimi nilitumia fimbo na wewe unatumia asali, lakini kwa mgonjwa wa kweli vyote viwili vinamwambia kitu kimoja: njoo hivyo hivyo.

Tabibu wa Zamu

Mimi ni tabibu, mkoa huu huu. Naomba niseme ya upande wetu.

Kwanza, tunabanwa. Mtu anakuja mzima anaomba ED ya kuanzia juzi. Sikumwona juzi, nitaandikaje? Wengine wanaweka noti ndani ya daftari la matibabu na kulisukuma mezani. Wapo wenzetu wanaopokea, siwezi kuwatetea.

Pili, mwajiri usinipigie simu kuniuliza mtu wako anaumwa nini. Siwezi kukujibu na sitakujibu. Siri ni ya mgonjwa. Unachoweza kuuliza, tena kwa barua yenye nembo yenu, ni kama karatasi hii imetoka kwetu, tarehe hii, na siku zilizoandikwa ni ngapi. Kulinganisha na rejista yetu ni kazi ndogo. Ile 3 ya MamaMise ingejulikana asubuhi moja.

Tatu, yapo magonjwa ambayo hayaonekani kwa macho. Kipandauso, maumivu ya mgongo, siko seli inapotulia na kurudi, sonona. Na kifua kikuu mwanzoni kinafanana kabisa na uvivu: mtu anachoka, anakonda, jioni joto linapanda, asubuhi hana hamu ya kuamka. Mtu akikohoa wiki mbili, mwajiri wa maana anamwambia nenda kapime. Dawa ni za bure.

Kibarua wa Katubuka

Samahanini, mnaongea kama waajiri wote wanafuata sheria. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo ukileta ED bosi anaichana mbele yako. Mahali pengine mshahara unakatwa siku hiyo hiyo. Mtu akijua akisema kweli hapati na akidanganya anapata, mnategemea nini? Kuna wengine hatujui hata haki zetu ni zipi. Mtu mwenye kujua aseme, ugonjwa unalipwaje kisheria?

Afisa Utumishi Mstaafu

Kijana, swali zuri, tena wengi wanalikosea, waajiri na wafanyakazi pia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ni miezi 36, si mwaka mmoja. Nimeona watu wanadai 126 kila Januari, na nimeona waajiri wanaokata siku za ugonjwa kwenye likizo ya mwaka. Yote ni makosa, likizo ya mwaka ni siku 28 na ina hesabu yake.

Asiyeleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku hizo. Cheti kinatoka kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa mtabibu mwingine ambaye mwajiri anamkubali, na huruhusiwi kumkataa bila sababu ya maana. Kwa hiyo tangazo la MamaMise, "hata awe na ED halipwi", lilikuwa kinyume cha sheria tangu siku ya kwanza. Aliyeajiriwa chini ya miezi sita kwa kawaida bado haki hizi za likizo ya malipo hazijamfikia, ingawa ubinadamu hauna miezi.

Halafu kuna hawa wanaodhani siku 126 ni akiba benki, azimalize zisipotee. Sizo. Usipougua, huna cha kudai.

Kuhusu nidhamu, soma Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kunaweza kumfukuzisha mtu. Udanganyifu mkubwa pia. Lakini vyote vinapita kikaoni: uchunguzi kwanza, kisha tuhuma kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mwenzake wa kazini, na mwenyekiti asiyehusika na jambo lenyewe. Ukiruka hatua moja, Tume itakuuliza hiyo hiyo.

Na mgonjwa wa kweli aliyemaliza siku zake 126 usimfukuze siku ya 127. Huyo hana kosa. Unakaa naye, unasikia daktari anasemaje, unatazama kama kuna kazi nyepesi anayoiweza, ndipo mzungumzie mwisho kama mwisho upo. Wengi wanachanganya ugonjwa na utovu wa nidhamu, wanampigia mgonjwa kikao cha mwizi.

MamaMise

Mzee wangu shikamoo, umenimalizia nusu ya kazi. Sasa niseme tunavyofanya, si kwamba ndiyo dawa ya kila mahali, ila kwetu inakwenda.

Simu. Anayeumwa anampigia msimamizi kabla ya saa 1:30 asubuhi, saa ambayo tunawasha moto. Simu ya sauti, yake mwenyewe au ya mtu wa nyumbani akizidiwa. Ujumbe wa WhatsApp kwa rafiki yake wa kazini hauhesabiki. Hapo tu, waliokuwa wanakosa kwa uchovu wa ngoma za Jumapili walipungua, maana kuandika uongo ni rahisi kuliko kuusema kwa mdomo wakati msimamizi anakuuliza "pole, umeshapata dawa?"

Daftari. Kila kukosa kunaandikwa: nani, lini, karatasi ipo au haipo. Ugonjwa wenyewe hauandikwi. Karatasi zenye jina la ugonjwa nazifungia kwenye sanduku, ufunguo ninao mimi. Zamani zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari ofisini, kila anayeingia anasoma. Naona aibu nikikumbuka, kwa sababu kuna dada mmoja aliacha kuleta ED kabisa, alikuwa anaona heri apoteze siku kuliko watu wasome mwili wake ukutani.

Siku anayorudi, tunakaa dakika kumi. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote na halina gharama. Pole, unaendeleaje, kuna kazi daktari amekukataza, kuna kitu hapa kazini kinakuumiza? Mtu wa pipa mpya aliniambia kwenye kikao hicho kwamba moshi wa kuni unamrudia usoni, ndiyo maana anakohoa. Tulihamisha bomba la moshi. Na mwongo naye akikalishwa dakika kumi kila anaporudi, bila kelele, bila kutishwa, anachoka. Mwezi wa kwanza alikuwa na hadithi, wa pili hadithi inagongana na ya kwanza, wa tatu anakuja kukuomba ruhusa kama mtu mzima.

Karatasi ikinitia shaka, naandika barua kwa kituo kama alivyosema Tabibu, nauliza tarehe na idadi ya siku basi. Jibu likiwa baya, siongei na mtu yeyote. Natoa tuhuma kwa maandishi, nahesabu saa 48 na kuzidi, na kikao anakiongoza mhasibu wetu. Mimi niliyeigundua karatasi nakaa kama shahidi. Tangu wakati ule tumefanya kikao kimoja tu cha namna hiyo. Mtuhumiwa alikuwa dada mmoja, alikiri, akaeleza kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa na hakujua kama angeruhusiwa. Kumbe sheria inampa siku nne za malipo mtoto akiugua, na mimi sikuwahi kuwaambia. Alipewa onyo la maandishi, yupo mpaka leo. Siku iliyofuata nilibandika haki zote za likizo kwenye mlango wa stoo, kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Na mlango wa kaka wa Tabora. Niliwauliza watu wangu wanatorokea nini hasa. Wa ziwani wakasema giza. Wa Kasulu na Buhigwe wakasema mvua za kwanza, kupanda maharage na mahindi. Wenyewe wakaomba siku zao 28 za mwaka zisitolewe kwa mkupuo Desemba kama nilivyozoea kuamua peke yangu, zigawanywe. Tukaandika na kusaini. Anayetaka siku za giza anasema mwezi mmoja kabla, namtafutia wa kushika pipa. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, mtu aliyekuwa ameomba siku zake alikuja mwenyewe kuzirudisha.

Mzee wa Mwanga Sokoni

Binti, nimesoma yote, nimesoma na ya Tabibu. Kijana wa boda nitampa kazi nyingine ya kupeleka mizigo. Ila nina mtu kwangu anakosa kila tarehe 5, mshahara ukishatoka. Hapo giza hakuna wala mvua. Nifanyeje?

MamaMise

Baba, anza na kalenda, miezi sita, uione wewe kwanza. Kisha muite peke yake, muoneshe, umuulize ni nini kipo kila tarehe 5. Halafu nyamaza umsikie. Inawezekana ni pombe, na pombe ikishamshinda mtu ni ugonjwa pia, mpeleke kwa Tabibu. Inawezekana ni deni, anawakimbia wanaomvizia mlangoni kwako siku ya mshahara. Kwangu yupo aliyekuwa hivyo. Akikujibu uongo, andika alichosema na tarehe, mwambie unatarajia nini mwezi ujao. Ikijirudia bila cheti, siku hizo usimlipe, na anza hatua za nidhamu kwa karatasi, taratibu.

Kibarua wa Katubuka

Dada MamaMise, ahsante. Natamani ningepata bosi wa hivi. Ila hujasema, yule kijana wa Buhigwe yuko wapi?

MamaMise

Yupo. Alipewa dawa za miezi sita. Wiki za kwanza alikaa nyumbani kwa mshahara wake kamili, baadaye daktari akasema anaweza kazi nyepesi, nikamweka nje, chini ya mwembe, kuhesabu miche na kuipiga chapa. Madirisha yote tumeyafungua, vumbi tunalimwagia maji asubuhi na mchana. Alimaliza dozi mwezi wa nane, kilo zimerudi, ameomba mwenyewe kurudi kwenye meza ya kukatia.

Lakini kuna kitu sijafanya. Nilimwomba radhi hospitali, tukiwa wawili tu, na yeye akaniambia yameisha mama. Maneno yale ya mgonjwa wa Jumatatu sikuyasemea hospitali, niliyasemea kwenye meza ya kukatia mbele ya watu. Jumatatu hii, kabla hatujawasha moto, nitawakusanya wote pale mezani niseme mbele yao.